Kuchagua chelezo cha kuvulia kwenye mkondo mkali wenye kina: mwongozo kwa wavuvi wa mshipi Pemba

Pemba hatuna mto wenye kina na kasi. Tuna milango ya bahari. Tia nanga baina ya Mkoani na Makoongwe, au penye mlango wa Fundo kule mbele ya Wete, siku ya bamvua, yaani siku za maji makubwa, maji yakiwa katikati ya kupwa, utaona bahari inakwenda kama mto, inajikunja kwenye mawe kama mto, na kamba ya nanga inaimba. Tofauti ni kwamba mto huu unageuka kila baada ya saa sita na dakika chache, na kina chake hakitulii.

Humo ndimo tunamovua kwa chelezo. Chombo kinafungwa nanga kwa omo, yaani mbele, mvuvi anakaa tezi, yaani nyuma, anashusha mshipi, anakiachia chelezo, kile kinachoelea juu na kuushikilia mshipi, kichukuliwe na maji. Chini yake chambo kinatembea karibu na mchanga au mwamba kama kitu kilichong'oka chenyewe. Samaki aitwaye changu hukipokea bila wasiwasi, kwa sababu ndivyo chakula chake kinavyomjia siku zote. Waingereza huvua hivi hivi katika mito yao ya Trent na Avon, na kuna umbo la chelezo walilolipa jina la mto huo wa Avon. Mengi wanayoyajua yanatufaa, lakini mto wao huenda upande mmoja tu, asubuhi hadi jioni.

Kabla ya hatua yoyote naomba uondoe fikra moja, maana ndiyo inayowakosesha watu samaki wengi kuliko chambo kibaya: kwamba chelezo kidogo ndicho chepesi kwa samaki. Samaki haoni ukubwa wa chelezo. Anachohisi akivuta ni nguvu ya kuelea iliyobaki baada ya wewe kuning'iniza risasi. Chelezo cha kubeba gramu 20 kilichopakiwa 19 kimebakiwa na gramu 1 tu ya kumpinga samaki. Chelezo cha kubeba gramu 4 kilichopakiwa gramu 1 kimebakiwa na 3. Hicho kikubwa ndicho kinachozama kwa kuguswa kidogo, na wakati huohuo kina uzito wa kukiweka chambo chini. Yote yanayofuata yamejengwa juu ya jambo hili.

Jua maji ya siku hiyo

Huchagui chelezo nyumbani kwa kuangalia samaki unayemtaka. Unachagua kwa kuangalia mwezi na saa. Bamvua hufuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, mara nyingi siku moja au mbili baada yake, na hapo tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3. Bamvua kubwa za karibu na Machi na Septemba hukaribia mita 4. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, na tofauti huwa kama mita 1 tu.

Kwetu siku za bamvua maji hujaa karibu na saa kumi, ya alfajiri na ya alasiri, na hupwa mnamo saa nne. Maji mafu ni kinyume chake. Kila siku saa hizo husogea mbele kiasi cha dakika 50, hivyo anayejua tarehe ya mwezi anaweza kujipangia safari bila kuuliza mtu.

Ndani ya saa sita za kupwa, maji hayaendi kwa kasi moja. Gawa tofauti yote mafungu 12: saa ya kwanza hushuka fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Bamvua ya mita 3.6 basi inashuka sentimita 30 saa ya kwanza na sentimita 90 saa ya tatu. Kwa hiyo safari moja inakutaka uwe na vyelezo vitatu mkobani: cha kuanzia, cha saa ya tatu na ya nne, na cha mwisho. Mwenye kimoja anavua vizuri saa moja au mbili, halafu anaona samaki "wameondoka". Samaki wapo palepale. Chambo chake ndicho kilichoondoka chini. Angalia pia kwamba katika milango membamba mkondo unaweza kuchelewa kugeuka hata maji yakiwa yamekwisha kujaa ufukweni. Jifunze mlango wako kwa kuutazama, usitegemee saa peke yake.

Pima mwendo, kisha pima kina

Mwendo ni rahisi. Dondosha kipande cha kumbi la nazi kwenye omo, hesabu sekunde mpaka kifike tezi. Chombo changu kina mita 6, kwa hiyo hesabu zangu ni hizi: zikipita sekunde 20, maji ni ya polepole, baina ya 10 na 20 ni ya wastani, chini ya 10 ni makali. Zikifika 6, maji yanakwenda mita 1 kwa sekunde, na hapo mimi hukunja chelezo nikasubiri, maana hakuna kitakachokaa chini kwa namna hii ya uvuvi. Chombo chako kikiwa kirefu au kifupi zaidi, zigeuze hesabu zako.

Kina kipime kwa bildi, ile kamba yenye kizito ya kupimia kina, au kwa risasi kubwa iliyofungwa kwenye ndoana yenyewe. Wakati mzuri ni maji yakiwa yamesimama au yanakwenda taratibu, kwa sababu mkondo ukiwa mkali mshipi unalala mshazari na utadhani kina ni kirefu kuliko kilivyo. Pima nyuma ya tezi, si chini ya miguu yako tu, kama unaweza kumtuma mwenzako na kamtumbwi. Sehemu chambo kitakapopita ndiyo unayotaka kuijua: mchanga unaishia wapi, mwamba unapanda wapi.

Umbo

Maumbo ni mengi, lakini kwa kazi yetu yanatosha matatu. Mimi nimeyapa majina yangu ya nyumbani: mchi, kidaka na kitako.

Mchi ni chelezo kilichonyooka, upana mmoja juu hadi chini. Kinazama kwa kuvutwa kidogo na kinaonyesha kila mguso. Ni cha maji ya polepole: maji mafu, au nusu saa ya kwanza na ya mwisho ya kupwa. Ukikizuia kwenye maji makali kinapanda, kinalala, kinatikisika kama kijiti.

Kitako kina tumbo chini na shingo ndefu juu. Ni kizuri kwenye maji yaliyosimama na upepo, kwa mfano ndani ya hori la mikoko, kwa sababu tumbo lake limejificha chini ya viwimbi. Kwenye mkondo usikitumie. Ukikizuia, maji yanaligonga lile tumbo kutoka chini na kukivuruga, na hutajua lini ni samaki na lini ni maji.

Kidaka ndicho chelezo cha mwongozo huu. Mabega yako juu, karibu na uso wa maji, kisha kinapungua taratibu kuelekea kijiti kirefu cha chini, kama kidaka cha nazi kilichochomekwa njiti. Mabega ndiyo yanayokishikilia juu unapokizuia na maji yanapochemka. Kijiti cha chini, hasa kikiwa cha chuma, ndicho kinachokisimamisha wima. Kadiri maji yanavyokuwa makali ndivyo mabega yawe mapana na yasogee juu zaidi, na ndivyo kijiti kiwe kirefu. Cha maji ya wastani kiwe na umbo la yai lililorefuka. Cha maji makali kikaribie umbo la dafu dogo.

Ukubwa

Siku moja, kijana bado, nilivua saa mbili nzima mbele ya Makoongwe bila kuguswa. Ami yangu tezi pale pale ubavuni mwangu alikuwa ameshatia ndani changu watano. Chambo kimoja, ndoana moja, kina kimoja. Aliangalia chelezo changu, kijiti kizuri chembamba nilichokichonga kwa siku mbili, akaniambia, "Mwanangu, chambo chako kinapaa. Unawavulia walioko juu, na juu hakuna mtu." Alinipa chake cha akiba, cha ndara, kikubwa kama yai la kuku. Nilikionea haya. Sikumaliza kukiachia mara ya tatu kabla hakijazama.

Sababu ni kwamba maji ya juu hukimbia kuliko ya chini, kwa kuwa ya chini yanasuguana na mchanga na mawe. Chelezo kinachoenda huru kinakimbia na maji ya juu na kukiburuta chambo nyuma yake, kasi kuliko kila kitu kilichoko chini. Dawa yake ni kukizuia chelezo kidogo ili chambo kitangulie kwa mwendo wa maji ya chini. Lakini ukizuia, mkondo unausukuma mshipi wote na kuuinua. Risasi peke yake ndiyo inayoukatalia usiinuke, na risasi nyingi zinataka chelezo kinachoweza kuzibeba.

Hesabu ninayoanzia ni hii. Maji ya polepole: gramu 1 ya risasi kwa kila mita ya kina. Wastani: gramu 2. Makali: gramu 3 hadi 4. Penye mita 5 na mkondo mkali nitafunga gramu 20 bila kusita. Kisha narekebisha kwa macho: nikikizuia chelezo kidogo na ncha ikabaki wima na chambo kikagusa chini mara mojamoja, uzito umetosha. Chelezo kikilala kila nikizuia, naongeza risasi na chelezo pamoja. Kuongeza risasi tu juu ya chelezo kilekile ni kukizamisha. Kuongeza chelezo tu bila risasi ni kumtengenezea samaki kizuizi, na hilo tumekwisha kulisema.

Ncha na rangi

Ncha ni ile sehemu inayobaki juu ya maji. Upepo wa kusi ukipingana na mkondo, maji yanasimama viwimbi vifupi vikali, na hapo ncha nyembamba inapotea. Tumia nene, ya upana wa milimita 5 au 6. Siku za utulivu baina ya kusi na kaskazi, milimita 3 zinatosha.

Kwa rangi, wengi hupaka nyekundu wakaridhika. Nyekundu au rangi ya chungwa ni sawa asubuhi upande wa Wete, Wesha na Mkoani, jua likiwa nyuma yako na maji ni ya kijani kilichoiva. Alasiri jua linashukia baharini upande huohuo, maji yanang'aa kama bati, na nyekundu haionekani kabisa. Ncha nyeusi ndiyo inayosimama kwenye mng'ao. Mimi huvika ncha kifuniko cheusi cha mpira wa kalamu baada ya swala ya alasiri, nikakivua nikigeukia upande wa kivuli.

Kujitengenezea

Vyelezo vya dukani vipo, lakini vingi ni vidogo kwa mkondo wetu, na vilivyokuwa vikubwa ni mipira ya duara inayopinga samaki. Ndara iliyokatika ni mali. Chagua soli laini na nyepesi, si ile ya mpira mzito: itupe kwenye ndoo, ikielea juu juu kabisa inafaa. Soli ya namna hiyo hainywi maji hata ikikatwa, jambo ambalo kumbi la nazi haliliwezi.

Kata vipande vinne vya duara, upana wa sentimita 2.5, vigandishe kwa gundi kimoja juu ya kingine, acha usiku mzima vikauke. Pasha moto spoku ya baiskeli, toboa katikati taratibu, na fanya kazi hiyo nje penye upepo kwa sababu moshi wake si wa kuvuta. Chonga kwa wembe, malizia kwa msasa mpaka upate umbo la kidaka. Kata spoku nyingine urefu wa shibiri, ipitishe na uigandishe, sehemu kubwa ibaki chini. Juu chomeka njiti ya chelewa au kijiti cha mwanzi kwa ajili ya ncha. Kidaka cha ukubwa huu hubeba kiasi cha gramu 12 hadi 15, kutegemea soli. Ukitaka cha gramu 20 na zaidi ongeza upana kabla ya kuongeza urefu.

Ukitumia mti mwepesi badala ya ndara, upake vanishi mara tatu, na kila mara uache ukauke. Lile boksi jeupe linalokuja na friji au televisheni mpya naomba usiliguse. Linaelea vizuri, lakini linavunjika vichembe, na vichembe hivyo kasa huvila akidhani ni chakula. Kasa wetu wanataga kisiwani Misali. Hatuna haki ya kuwalisha taka.

Jaribu chelezo kwenye ndoo ya maji ya chumvi, si ya bomba. Maji ya bahari ni mazito kuliko ya bomba kwa karibu asilimia 2.5, na chelezo kilichotimia bombani kitasimama juu zaidi baharini. Ongeza risasi mojamoja mpaka ibaki ncha peke yake, kisha andika gramu ubavuni kwa kalamu ya wino usiofutika. Tofauti yake utaiona gizani alfajiri ukitafuta chelezo cha kubadilisha.

Kufunga na kupakia

Kidaka kifungwe juu na chini, mshipi ukipita sambamba na kijiti. Mpira wa valvu ya baiskeli ukikatwa vipande vya sentimita 1 ndio ushikio bora: kimoja chini ya ncha, kimoja katikati ya kijiti, kimoja mwisho wake. Vitatu, kwa sababu kimoja kitakatika. Ukikifunga chini tu huwezi kukizuia. Kitageuka na kukimbia. Kinachofungwa hivi unaweza pia kukisogeza juu na chini bila kukata mshipi, na utaona hivi punde kwa nini hilo ni muhimu.

Penye kina kinachoshinda urefu wa ufito wako wa kuvulia, kifanye chelezo kiteleze: ushanga juu yake, na juu ya ushanga fundo la kuzuia la uzi wa pamba. Anayevua kwa mkono bila ufito hana haja ya hilo.

Mshipi wangu mkuu ni milimita 0.35, na uzi wa ndoana 0.28, ili nikinasa mwambani nipoteze ndoana, nisipoteze chelezo. Risasi karibu zote ziwe fungu moja, dhiraa moja juu ya ndoana. Chini yake, shibiri moja juu ya ndoana, weka risasi moja ndogo. Fungu linashusha chambo haraka. Ile ndogo inakituliza na kukiacha kicheze. Kutawanya risasi mshipi mzima ni kwa maji ya polepole. Kwenye mkondo mkali mshipi uliotawanywa risasi unapinda kama upinde, na samaki anatema kabla habari haijafika juu.

Risasi zibane kwa koleo. Watoto wetu wanajifunza kuzibana kwa meno kwa kutuona sisi, na risasi ni sumu inayokaa mwilini. Nawa mikono kabla ya kula boflo lako.

Kuachia

Kwanza usalama: usitie nanga kwa tezi kwenye mkondo. Maji yatapanda na kujaza chombo. Nanga omo, kisu karibu na kamba, na usikae kwenye njia ya meli. Na kabla ya safari ya mahali pageni muulize kamati ya wavuvi ya shehia ile. Misali, kwa mfano, ina eneo ambalo haliruhusiwi kuvuliwa kabisa.

Anza na kina ulichopima, punguza shibiri moja penye mwamba, ongeza nusu dhiraa penye mchanga kama utazuia sana. Shusha chambo kwanza, risasi zifuate, chelezo mwisho. Acha kiende hatua chache, kisha kibane kwa kidole mpaka ncha iiname kidogo kuelekea kwako, uachie, ubane. Chambo kinapanda na kushuka, na wengi wanashika pale kinaposhuka. Inua ufito ili mshipi usilale juu ya maji, maana mkondo ukiushika unakivuta chelezo pembeni. Mita 30 au 40 zinatosha. Mbali zaidi hutaweza kukaza kwa wakati.

Ncha ikizama moja kwa moja, kaza. Chelezo kikiteleza pembeni dhidi ya maji, kaza kwa nguvu, mara nyingi ni kolekole. Kikipanda na kulala, samaki ameinua risasi, kaza vilevile. Kikitetemeka bila kuzama huenda tasi anamega chambo: punguza ndoana na chambo, usipunguze chelezo.

Sasa rudi kwenye ile hesabu ya mafungu 12. Saa ya tatu ya kupwa bamvua, kina kinapungua karibu sentimita 90 kwa saa, yaani sentimita 30 kila dakika 20. Ulichokiweka saa kumi na mbili asubuhi kitakuwa kinaburuta mwambani kabla ya saa kumi na mbili na nusu. Kila dakika 20 sogeza chelezo shibiri moja na zaidi kidogo chini, kuelekea kwenye ndoana. Maji yakijaa, kisogeze juu. Mimi hufunga uzi mwekundu kwenye mshipi mahali nilipoanzia, ili nijue nimesogea kiasi gani, na ninapobadilisha chelezo kuingia saa ya tatu, kidaka kikubwa kikichukua nafasi ya kidogo, naufunga uzi upya pale chelezo kilipofikia.